UZI: Mtoto akivutishwa gesi ya usingizi, moyo na presha vinaendaje?

#1 KichwaniMwaMeza

Wakuu, hamjambo. Juzi nikiwa kwenye matatu ya Umoja mama mmoja akanitambua. Mwanawe alifanyiwa ngiri mwaka jana na mimi ndiye niliyempa usingizi. Akaniuliza kwa sauti, gari zima likisikia: "Daktari, jirani ananiambia ile gesi ya maski husimamisha moyo wa mtoto. Ni kweli?" Kondakta akageuka. Mzee wa dirishani akakunja gazeti lake. Nilikuwa nimebakisha vituo vitatu tu, nikamjibu vibaya: "Hapana mama, usijali." Halafu nikashuka. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu hilo halikuwa jibu, lilikuwa njia ya kukwepa.

Mimi si profesa. Ni mtu wa usingizi tu, nakaa kichwani mwa meza ya upasuaji, na huu ni mwaka wangu wa 16 katika kazi hii, hapa Nairobi na nje kidogo. Basi nijibu sasa.

Gesi za usingizi ninazozizungumzia hapa, zile za mvuke, zote hushusha presha ya mtoto. Hakuna isiyoshusha, na kadiri unavyozidisha ndivyo presha inavyozidi kushuka. Zinatofautiana katika njia zinazopitia, na njia hiyo ndiyo inayoamua kama nitakuwa na muda wa kurekebisha au la.

Fikirieni mtu anayejaza ndoo. Moyo wa mtu mzima ukibanwa una njia mbili: kuchota haraka zaidi, au kuchota kwa chombo kikubwa zaidi. Moyo wa mtoto mchanga una kikombe kimoja tu, hakikui. Nyuzi zake za kukaza bado chache na kuta zake hazitanuki sawasawa, kwa hiyo kila pigo hutoa damu karibu ileile. Kilichobaki ni kuchota upesi. Ndiyo maana mtoto mchanga hupiga 120 hadi 160 kwa dakika na wala si mgonjwa. Mapigo yakishuka, hana cha kufidia, presha inayafuata palepale.

Kuna jambo jingine ndani ya msuli wenyewe. Kinachouamuru moyo ukaze ni kalsiamu. Moyo uliokomaa una ghala ya kalsiamu ndani ya seli zake. Wa mtoto mchanga ghala bado ni changa, unaishi kwa kile kinachoingia kutoka nje kila pigo, kama familia inayonunua unga wa siku kwa siku. Gesi hizi hubana mlango huo. Mtu mwenye gunia stoo hatahisi duka likifungwa siku moja. Wa kununua kwa siku atalala njaa.

Sasa dawa zenyewe. Halotheni ilianza kutumika kwa wagonjwa huko Manchester, Uingereza, mwaka 1956, na kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo dawa ya watoto, kwa kuwa harufu yake ni tamu na haichomi koo. Lakini huupiga moyo pande mbili kwa pamoja: inadhoofisha mkazo na inapunguza mapigo. Isitoshe, mwilini kuna mlinzi anayehisi presha ikishuka na kuuamuru moyo uongeze kasi. Kwa mtoto mlinzi huyo bado mdogo, na halotheni inamlewesha asinzie kabisa. Sevoflureni hufanya kazi zaidi kwa kulegeza mishipa ya damu. Mkazo wa moyo hauguswi sana, na mapigo hubaki pale yalipo au hata hupanda. Presha itashuka, ndiyo, ila anayechota bado anachota.

Isoflureni ina harufu kali, mtoto anakohoa na kubana koo, hivyo haianzwi kwa maski. Huingia baadaye, mtoto akiwa tayari amelala. Desflureni nayo vilevile, na ina kituko chake: ukiipandisha ghafla mapigo na presha huruka juu kwa muda badala ya kushuka.

Ngoja niwape kisa kimoja, ndicho kilichonifundisha yote haya. Ilikuwa hospitali moja nje ya jiji, sitaitaja. Mvulana wa miezi 5, kilo 6, ngiri. Tulikuwa na halotheni. Nilimwekea maski, nikabandika stetoskopu kwa plasta kifuani upande wa kushoto, mrija mmoja sikioni mwangu. Alibana pumzi kidogo, nikaanza kumpulizia kwa mfuko, dayo, yaani kile kitufe cha kuongeza na kupunguza gesi, ikiwa kwenye asilimia 3. Nesi anatafuta mshipa wa mkononi, haupati. Anatafuta wa mguuni. Mimi nampulizia tu.

Nilisikia kabla sijaona. Ile sauti ya moyo iliyokuwa karibu, kavu, ikaanza kurudi nyuma, kama ngoma ya harusi ikipigwa mtaa wa pili. Mashine ya presha ikajifunga kwenye mkono wake, ikalegea, ikajifunga tena, haitoi namba. Mapigo 150, ghafla 84, kisha 68. Nikafunga dayo, nikabakisha oksijeni tupu. Wakati huohuo nesi akapata mshipa, atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, miligramu 0.12 ikaingia. Daktari wa upasuaji alikuwa bado ananawa mikono, akauliza kwa mbali, "Tuanze?" Hakuna aliyemjibu. Baada ya muda mfupi, ambao kwangu ulikuwa mrefu kama foleni ya Mombasa Road, ngoma ikarudi mtaa wetu.

Yule mtoto alirudi nyumbani jioni. Lakini tazameni kosa langu. Mtoto anayepumua mwenyewe ana breki: gesi ikimzidi, pumzi inapungua, na gesi inayoingia inapungua pia. Nilipoanza kumpulizia mimi, breki ile niliing'oa kwa mkono wangu. Nilipaswa kurudisha dayo chini dakika ileile.

Maswali karibu.

#2 MamaNeema_Donholm

Asante daktari, umenitisha na kunituliza kwa pamoja. Neema wangu ana miaka 3 na nusu, anatolewa tonsili Jumanne. Wametuambia asile chochote baada ya chakula cha jioni, na tumeandikiwa saa nne asubuhi. Hiyo njaa ina uhusiano na presha?

#3 KichwaniMwaMeza

Mama Neema, ina uhusiano mkubwa. Gesi inalegeza mishipa, yaani bomba linapanuka. Kama maji yaliyomo ni machache kwa sababu mtoto amekauka tangu jana usiku, presha inaporomoka zaidi. Kanuni inayojulikana kote ni hii: chakula mwisho muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa 4, maji matupu muda wa saa 2, na siku hizi sehemu nyingine wanaruhusu maji hadi muda wa saa 1 kabla. Piga simu wadi uwaulize waziwazi: "Anaweza kunywa maji hadi saa ngapi?" Fuata watakachokuambia wao, maana wao ndio wanaojua orodha ya siku hiyo.

Na tafadhali: uji si maji. Chai ya maziwa si maji. Kila mwezi napata mzazi anayeniambia mtoto hajala kitu, "ni kachai tu."

#4 Fundi_wa_Vyuma

Mimi hutengeneza mashine hizi, sijui lolote la moyo. Ila naomba nitetee halotheni kidogo, au tuseme nilaumu kikombe chake. Kwa wasiojua: kila dawa ina kikombe chake cha kuigeuza kuwa mvuke, na rangi yake. Halotheni nyekundu, isoflureni zambarau, sevoflureni njano, desflureni buluu. Dayo ya nyekundu inaishia asilimia 5. Ya njano inaishia 8. Mtu akiona 8 anadhani ndiyo kali. Daktari, waeleze hesabu.

Pili, wengine huniuliza kama vikombe hivi vinadanganya hapa Nairobi kwa sababu tuko juu, mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari. Vile vya kawaida havidanganyi kwa maana inayomhusu mgonjwa. Hewa ni nyepesi, asilimia inayotoka inazidi ile iliyoandikwa, lakini mgandamizo wa mvuke wenyewe ni uleule, na ubongo unahisi mgandamizo. Kile cha desflureni ndicho tofauti, kinapashwa moto kwa umeme na kutoa asilimia ileile popote, kwa hiyo huku juu dawa inakuwa pungufu kuliko Mombasa na mtu hulazimika kuongeza.

#5 KichwaniMwaMeza

Fundi umenena, hiyo ya mwinuko nimekuwa nikiieleza wanafunzi vibaya miaka miwili. Nitakununulia chai.

Hesabu ni hii. Kumlaza mtoto wa miezi michache asishtuke akikatwa, halotheni inahitajika asilimia 1 na kidogo. Dayo inafika 5. Yaani naweza kumpa zaidi ya mara nne ya anachohitaji. Sevoflureni mtoto wa rika la Neema anahitaji kama 2.5, na dayo inaishia 8, yaani mara tatu hivi. Kwa hiyo hata mtu akisahau mkono pale juu, kikombe cha njano chenyewe kinamzuia kidogo.

Halafu kumbukeni watoto wachanga ndio wanaohitaji dawa nyingi kwa asilimia kuliko watu wazima, ilhali mioyo yao ndiyo isiyoivumilia. Na mapafu yao hubadilisha hewa upesi, gesi inafika moyoni kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za barakoa yake. Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu.

#6 MsemaKweli254

Mbona mnazunguka? Sevoflureni ni ghali, halotheni ni rahisi. Wenye pesa wanapata njano, watoto wa Mukuru wanapata nyekundu. Hiyo ndiyo habari. Mengine ni fizikia ya kutupumbaza.

#7 KichwaniMwaMeza

Kaka, sitakubishia juu ya bei. Na ushahidi uko upande wako: Marekani waliweka daftari la visa vya mioyo ya watoto kusimama kutokana na usingizi. Kati ya 1994 na 1997, dawa zilikuwa chanzo cha asilimia 37 ya visa hivyo, na nyingi ya kesi hizo zilikuwa moyo uliolemewa na halotheni. Hesabu ya 1998 hadi 2004, baada ya sevoflureni kushika nafasi, dawa zilishuka hadi asilimia 18.

Ninachokataa ni mtu kufikiri rangi ya kikombe inatosha. Sevoflureni si malaika. Ukiiacha kwenye 8 huku ukimpulizia mtoto kwa mfuko, presha itaanguka vilevile. Nimeona mtoto akilindwa vizuri kwa halotheni na mtu aliyeweka stetoskopu kifuani na mkono kwenye dayo, na nimeona mwingine akiachwa na sevoflureni huku mtu wa usingizi akiangalia simu. Ningechagua yupi anipe mwanangu? Wa kwanza. Ningependa awe na kikombe cha njano? Ndiyo, bila shaka.

#8 ZamuYaUsiku

Mwenzangu wa kazi hapa. Niongeze jambo ulilolisahau, la adrenalini. Halotheni huufanya moyo uwe mwepesi kushtuliwa na adrenalini. Mtoto wa mdomo sungura: daktari wa upasuaji anachoma dawa ya ganzi yenye adrenalini kwenye mdomo ili damu isitoke sana, na ghafla kwenye monita unaona mapigo yanaruka, moja la kawaida, moja pana lenye sura mbaya, moja la kawaida. Ikiwa hewa chafu (kaboni dayoksaidi) imejaa mwilini kwa sababu mtoto hapumui vizuri, inakuwa mbaya zaidi. Watoto huvumilia adrenalini kuliko watu wazima, nashukuru, lakini mimi humwambia daktari, "Niambie kabla hujachoma, si baada." Kwa sevoflureni tatizo hili ni dogo sana.

Na hili si geni. Mwaka 1848 kule Uingereza msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa akivutishwa klorofomu, dawa ya usingizi ya zamani, ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu. Watu walibishana miaka 60. Mwaka 1911 daktari Goodman Levy alionyesha kwa paka kwamba klorofomu kidogo ikikutana na adrenalini moyo unatetemeka na kusimama, yaani mgonjwa aliyelala nusunusu huku ana hofu alikuwa hatarini kuliko aliyelala kabisa. Halotheni ni binamu wa klorofomu kwa tabia hiyo.

Ila sikubaliani na atropini yako, bosi. Siku hizi sioni sababu ya kumpa kila mtoto kabla ya kuanza. Kwa sevoflureni mapigo hayashuki hivyo.

#9 KichwaniMwaMeza

Sikumpa kabla, nilimpa akiwa anazama. Lakini nakusoma. Enzi za halotheni tuliwapa wachanga wote, mikrogramu 20 kwa kilo, na ilisaidia. Sasa naivuta kwenye sindano, naandika jina, naiweka pembeni. Mara nyingi naitupa jioni bila kuitumia.

#10 Bi_Saumu

Wanangu, mie ni bibi, natoka Pumwani. Mjukuu wangu ana hali ya Down, ana miaka 4, na wanasema atafanyiwa meno kwa usingizi. Mbona hamsemi habari za watoto kama yeye?

#11 KichwaniMwaMeza

Shikamoo bibi. Umeuliza jambo la maana kuliko yote humu. Watoto wenye hali ya Down mapigo yao hushuka wanapoanza kuvutishwa sevoflureni, hata wale ambao moyo wao hauna kasoro. Ndiyo ile dawa niliyoisifu kwamba haipunguzi mapigo. Kwao inapunguza. Mara nyingi ukipunguza dayo yanarudi, mara nyingine inahitajika dawa. Kinachotakiwa ni mtu wa usingizi awe anajua, aanze taratibu, na awe na ile sindano pembeni.

Pia watoto hawa wengi huzaliwa na tundu moyoni. Kama mjukuu hajawahi kupigwa picha ya moyo, omba ifanywe kabla. Kama imefanywa, beba karatasi. Usiseme "iko kwa simu", bibi, simu huzima chaji siku hiyohiyo.

#12 Bi_Saumu

Marahaba mwanangu. Karatasi ninazo, nimezihifadhi kwenye bahasha ya kaki na cheti chake cha kuzaliwa. Nitakwenda nazo.

#13 BabaTatu

Na wale wenye moyo wa buluu? Wa kwetu aligunduliwa na kasoro ya Fallot, yaani tundu ndani ya moyo na njia ya mapafuni iliyobana, anasubiri upasuaji. Midomo inageuka rangi akilia.

#14 ZamuYaUsiku

Pole sana baba. Kwa watoto hao hatari ya gesi inageuka sura. Damu inayotoka moyoni ina milango miwili ya kuchagua: kwenda mapafuni kuchukua oksijeni, au kupita kwenye tundu na kwenda mwilini bila oksijeni. Mishipa ya mwili ikilegea sana, damu inachagua njia rahisi, inakimbilia mwilini ikiwa chafu, na mtoto anazidi kuwa buluu. Kwa hiyo hapo presha ya mwili tunailinda kama mboni ya jicho. Wengi tunapenda ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, kwa kuanzia, maana yenyewe huishikilia presha. Na msimnyime maji kwa saa nyingi, yeye hasa. Wenye kumfanyia watakuwa timu ya moyo, waulize bila woga.

#15 Kijana_wa_Rongai

Swali la kijinga: presha ya mtoto ya chini ni ngapi? Monita wanaiwekaga tu namba nyekundu.

#16 KichwaniMwaMeza

Si la kijinga. Kwa wa mwaka 1 hadi 10, chukua 70, ongeza miaka yake mara mbili. Wa miaka 4 ni 78. Namba ya juu ikiwa chini ya hapo, kuna jambo. Ila mimi siisubiri. Namba ya presha huja kila baada ya dakika kadhaa, moyo hauna subira hiyo. Nasikiliza mlio wa mapigo kwenye monita, na nimezoea kiasi kwamba nikiwa naongea na nesi nageuka mwenyewe mlio ukibadilika.

Wakati mbaya zaidi ni ule kati ya mtoto kulala na kisu kuanza. Dawa ya kuanzia bado nyingi mwilini, hakuna maumivu ya kumchangamsha, daktari anapaka iodini, mwingine anatafuta taa. Kisu kikigusa, presha inapanda yenyewe. Ndiyo maana nikiona maandalizi yanachelewa napunguza dayo, na wakinidhihaki kwamba mtoto ataamka nawaambia waharakishe.

#17 MamaNeema_Donholm

Narudi kuwapa mrejesho. Jumanne imepita. Niliuliza wadi, wakaruhusu maji hadi saa mbili asubuhi, alikunywa nusu kikombe. Mtu wa usingizi alikuwa dada mmoja mpole, aliniruhusu nimshike Neema hadi alipolala. Nilichungulia kikombe, kilikuwa cha njano, nikajiona mtaalamu. Alirusha miguu kidogo, macho yakapinda juu, nikashtuka, akaniambia ni kawaida. Kisha nikamsikia anasema "tunashusha sasa" na mkono wake ukaenda kwenye dayo. Hapo nikatoka nje nikiwa nimetulia.

Lakini alipoamka alilia na kunipiga mateke kama hanijui, nusu saa nzima. Ni moyo?

#18 KichwaniMwaMeza

Si moyo, mama Neema. Ni sevoflureni hiyohiyo, watoto wa umri wake huamka nayo wakiwa wamechanganyikiwa, na hupita. Sasa anakula?

#19 MamaNeema_Donholm

Uji wa baridi. Aiskrimu niliyomnunulia ameikataa, ameila kaka yake.